Magoti Yaliyosikia Mto

Bwana asifiwe, wapendwa. Leo msinijibu kwa mdomo, kwa maana midomo yenu naiona tu ikifunguka. Inueni mkono. Haya, nimewaona, hata wewe mama wa nyuma uliyeinua nusu.

Wengi hapa Kiganjo mnanijua kama yule mzee wa kuringa. Mlinisalimia nikapita. Nawaambia ukweli, sikuwa naringa. Ujana wangu niliumalizia hapa Thika kwenye kiwanda cha nguo, upande wa mashine za kufuma, na pale hata ukipiga nduru jirani hakusikii. Tulikuwa tukiongea kwa mikono. Ngumi kichwani, supavaisa anakuja. Kidole kikikata hewa, uzi umekatika. Mikono miwili ikipishana kifuani, zima mashine sasa hivi. Kwenye mashine ya karibu na yangu alisimama rafiki yangu, mtu wa kule ziwani, na tulichekeshana hivyo miaka mingi bila neno.

Kisha masikio yangu yakaanza kuzimika, polepole, vile jioni huingia. Nikaachishwa kazi. Sikumwambia mtu sababu. Watu wakiongea, mimi natingisha kichwa, ndio, ndio. Siku moja mama watoto alinieleza kwamba dadake amefiwa, nami nikamtabasamia. Uso wake ndio uliniambia nimefanya nini. Tangu hapo nikaacha kukaa na watu, nikaacha hata kanisa. Na ndugu zangu, kilichonimaliza si salamu. Tumefundishwa kwamba Mungu huwaita watu wake. Sasa mimi ataniita vipi? Hilo lilinitoa machozi nikiwa shambani peke yangu.

Rafiki yangu alikuwa amehamia Ruiru, anatengeneza vitanda na makabati. Akaja na jambo la ajabu: ameunda mtumbwi wa mbao kama wa babake, na anataka tuushushe Mto Athi, kule nyuma ya Gatuanyaga, twende nao mpaka tuchoke. Mkikuyu kama mimi na maji ya kuzidi beseni, wapi na wapi. Lakini nilikubali. Niliona huko porini hakuna atakayenisalimia.

Wapendwa, ule mto! Asubuhi ukungu unalala juu ya maji mpaka huoni ncha ya mtumbwi. Mimi nimepiga magoti mbele, yeye yuko nyuma na kasia la kuongoza. Miti inapita yenyewe. Ng'ombe wanashuka kunywa, wanatuangalia, kisha ukungu unawafunika. Kwangu haya yote hayakuwa na sauti, na sikuweza kujua kama niko macho au naota. Kuna wakati niliona sisi ndio tumesimama na nchi ndiyo inasafiri.

Mchana tulivuta mtumbwi kwenye mwamba, tukala githeri baridi, mahindi na maharagwe ya jana. Huyu rafiki yangu ni mtu wa maswali, hakuyamaliza ujanani. Akanishika bega, akasema polepole mbele ya uso wangu, "Huu mto, kwa mtu asiyeusikia, bado unapita?"

Nilikasirika. Sikuwa nimemwambia chochote, kwa hivyo nikajipa moyo kwamba ni maswali yake tu ya kawaida. Nikamjibu kwamba kwa mtu kama huyo mto ni picha ya ukutani. Yeye akachukua mkono wangu, akautia majini, akauacha hapo. Maji yakapita katikati ya vidole. Hasira iliisha.

Siku iliyofuata upepo ulikuwa unatoka nyuma yetu. Niligeuka nikaona rafiki yangu anaimba, macho ameyafumba nusu. Mbele mto ulikuwa umetulia kabisa, unapinda kona. Ndipo nikahisi kitu kwenye magoti. Ubao ulikuwa unatetemeka, kidogo tu, vile sakafu ya kiwanda ilitetemeka kabla hujafungua mlango. Sikungoja kufikiria. Niligeuka nikapisha mikono kifuani: zima mashine.

Mtu huyo hakuuliza kwa nini. Alikata wimbo, akachoma kasia majini, akatusukumia kwenye matete ya ukingo. Tukatembea kwenda kuangalia. Nyuma ya kona mto ulikuwa unaanguka, maji meupe juu ya mawe meusi, urefu wa kuzidi nyumba. Upepo ulikuwa umeichukua kelele yote ukaipeleka mbele, na masikio yake mazima hayakupata kitu.

Tulikaa chini. Hapo ndipo nilisema kwa sauti, mara ya kwanza kwa mtu yeyote, "Mimi sisikii."

Akasubiri mpaka nimtazame. "Najua, omera, ndugu yangu. Kwani safari nzima nani amekuwa akikuongelesha kwa mikono?"

Na ni kweli. Chai alinionyesha kwa mkono, kuni kwa mkono, kiboko kwa mkono, nami nikadhani ni utani wa kiwanda. Nililia, lakini hiki kilikuwa kilio kingine. Maisha yangu yote nilipiga magoti ili nimwambie Mungu mambo yangu. Sikujua magoti pia husikia.

Namshukuru mama watoto. Nilipomweleza alilia, halafu akacheka juu ya lile tabasamu, na sasa anajua ishara zote kuliko supavaisa. Namshukuru mchungaji aliyenipa kiti karibu na spika, ambapo kwaya ikiimba naweka kiganja changu na wimbo unapanda mpaka begani. Nanyi nawaomba kitu kimoja. Ukibeba jambo, litoe hata kwa mtu mmoja, huenda analijua tayari na anangoja tu. Na ukimwona mtu anaringa, kwanza mguse bega.

Ningeendelea, lakini rafiki yangu amekuja kutoka Ruiru, amesimama pale mlangoni, na kwa muda sasa amepisha mikono kifuani. Haya, bwana. Nazima.