Gakii na Tunguu Lililojizika

Ndugu, majirani na marafiki, poleni na karibuni, tumsindikize Gakii wetu, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1961 huko Nkubu, Meru, akasoma papo hapo nyumbani, akasomea uuguzi Nairobi, na Septemba 1990 akaja London, ambako alitunza wazee majumbani mpaka mgongo ukamkatalia. Tarehe 14 Mei 1994 alifunga ndoa na Collins, wakakaa Walthamstow, na mwaka 1996 Mungu akawajalia binti mmoja, Jennifer, ambaye anaelewa yote ninayosoma hapa, ila ukimuuliza atakujibu kwa Kiingereza.

Mzee wa mwisho aliyemtunza alikuwa Yogesh wa Stanmore, mzaliwa wa Nakuru, aliyefariki Oktoba 1999 na kumwachia chungu chenye tunguu la kutoka Moroko, la ua adimu la kijani, linalochanua majira ya vuli bila jani hata moja na kunukia jua likizama, akiwa amemwonya lisiguswe na maji kuanzia Juni hadi Septemba, lipate mchanga, jua, na vioo vya kulikinga na baridi. Gakii alilizika na chungu chake katika mchanga wa banda la vioo nyuma ya nyumba, vidole vinne kwenda chini, na kila kiangazi alilikuta limezama zaidi, akalipandisha, likashuka tena, maana mizizi yake hulivuta, mpaka akaliacha, akasema limeshajua kwao.

Saratani iligunduliwa Februari 2007, akatutoka hospitalini Jumanne tarehe 9 Oktoba, saa tano asubuhi, na hapo, tusifichane, ukoo ukapasuka, kwa kuwa kaka yake Tom alikuja kumrudisha Nkubu, kaburi limekwisha chimbwa, huku Jennifer akilia kwamba mama akipelekwa mbali hivyo, yeye atamtembelea vipi.

Jumamosi Tom aliingia bandani kuchukua tunguu nalo alipeleke Nkubu, loo, akakuta limechanua, ingawa tangu Mei hakuna aliyelitilia hata tone, akafuata shina kwa mkono, kiganja kikazama mchangani, kisha kiwiko, chungu kimepasuka kitako, tunguu halifikiwi, na Tom, mwanamume asiyeogopa kitu ila mama yake, anaapa alihisi shina likivutwa polepole kutoka vidoleni. Alitoka akisema dada yake naye ameshajua kwao, akapiga simu, akafuta safari ya mwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia chapati siku zote hizi, na wafanyakazi wenzake Gakii wa zamani waliokuja moja kwa moja kutoka zamu.

Mama yake Gakii, aliye Nkubu, mwenye miaka themanini na mmoja, ametuma neno kwamba kaburi lililochimbwa haliachwi wazi wala halifukiwi tupu, kwa hiyo saa hii analaza humo gogo la mgomba, limevishwa leso ya Gakii, na ametuomba tusitupe udongo mpaka apige simu, ili amzike mwanawe pamoja nasi. Tunangoja simu hiyo. Pumzika kwa amani, Gakii, hapa mtoto wako anapoweza kufika.