Magunia Thelathini na Moja ya Mzee Chege

Waliokuwepo kando ya kitanda Mzee Chege alipofariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, ni mkewe Shiru, binti yake Wakiuru akiwa na mtoto mgongoni, jirani yao Saado aliyekuja na chupa ya chai ya maziwa, na muuguzi mmoja aliyevua sweta lake akamfunika marehemu miguu; meneja wa kiwanda cha dawa hakuwepo, ingawa leo yupo nasi, ameketi safu ya pili, na familia inamwomba asiondoke kabla hatujamaliza.

Marehemu Chege Mugo alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 huko Kangema, akasoma mpaka darasa la saba, na mwaka 1983 akaja Nairobi, akauza makaa Jericho, kisha Baba Dogo, na hakuna mama aliyewahi kunyimwa makaa ya kupikia uji wa mtoto. Alimwoa Shiru tarehe 6 Desemba 1986, wakajaliwa watoto watatu, Wakiuru akiwa kitinda mimba.

Mwaka 2021 mwanafunzi wa chuo kikuu aitwaye Mukai alikuja kupima maji ya mtaro unaotoka nyuma ya kiwanda hicho, kupita kibanda cha marehemu, kwenda mtoni, akamweleza kwamba yamejaa mabaki ya antibiotiki, dawa za kuua viini vya magonjwa, na kwamba viini vinavyoonja dawa kidogo kidogo kila siku huizoea, hata siku ya ugonjwa haiviui tena. Akamfundisha kuchoma maganda ya kahawa ndani ya pipa lililozibwa hewa, na kuyalaza makaa yake mtaroni ndani ya magunia, maana hunasa dawa maji yakipita. Marehemu alikosea jambo moja, alidhani kiwanda kingeshukuru. Alivua kofia akaenda kuomba ruhusa ya kuweka gunia mdomoni mwa bomba, na meneja akamwambia mbele ya wafanyakazi, "Mzee, wewe ni wa makaa, mambo ya dawa tuachie waliosoma," wakacheka. Akavaa kofia yake, akarudi kuyalaza magunia mtaroni. Tangu siku hiyo kila gunia lililoshiba alilifunga, akaliandika tarehe, akaliweka stoo, kwa sababu makaa hayo yakishika kitu hayakiachi upesi, na anayeapa kwamba bomba lake ni safi siku moja angesomewa tarehe hizo.

Tarehe 19 Aprili mwaka huu alichomwa na kipande cha chupa mguuni akibadilisha gunia, kidonda kikaoza, madaktari wakajaribu dawa tano, zote zikagonga mwamba. Viini vile vilikuwa vimesomea mtaroni.

Tunawashukuru madaktari waliokiri kuishiwa badala ya kutudanganya, Saado na majirani waliotulelea watoto, wauza makaa wenzake waliofunga vibanda leo, na mtu mmoja aliyemjulisha saa za bomba kufunguliwa, ambaye hatumtaji kwa kuwa ana watoto. Meneja naye tunamshukuru kwa shada la maua, tumeliweka nje kando ya mtaro, alichukue akitoka. Mchungaji ametuomba tusamehe leo, nasi tumemwambia kwa heshima kwamba leo tuna kazi ya kuzika.

Lala kwa utulivu, Baba, zamu yako tumeipokea. Mukai aliyapima magunia yote thelathini na moja, yote yana dawa za kiwanda kile, na jana Jumatano, tarehe 11 Juni, yalipokelewa mahakamani kama ushahidi dhidi ya kiwanda, tarehe ulizoandika zikiwa bado zinasomeka.