Ndizi ya Mwalimu

Kiende alikuwa nyuma ya abiria wawili waliokuwa wakibishana ndani ya basi la kutoka Kiirua, akijifanya amelala ili asikose hata neno. Mumewe alikuwa amepatwa na kiharusi, na yeye ndiye aliyemlisha kwa kijiko.

"Ubongo ukikufa umekufa, mwalimu," alisema mzee mwenye kofia, kwa uhakika wa mtu ambaye hajaulizwa.

"Ile sehemu yangu iliyokufa kwa kiharusi haikurudi, mzee," akajibu mama aliyeketi naye. "Sehemu jirani ya ubongo ndiyo iliyofundishwa kazi yake. Miezi minane nachambua maharagwe na huu mkono. Leo daktari anaupima, aseme kama nitarudi darasani."

"Basi menya hii ndizi tuone."

Mwalimu akaishika. Vidole vilitetemeka, ganda likagoma, kisha likachanika kidogo. Mzee akanyoosha mkono amsaidie.

"Wacha!" mwalimu akafoka. "Ukinisaidia utaniharibia."

Kiende, ambaye hakuwa amemwachia mumewe kijiko hata siku moja, akafumbua macho.

Basi likasimama Kaaga. "Mzee, si ulisema unashuka hapa?" kondakta akauliza.

"Ngoja kwanza," mzee akasema, bila kugeuka. "Imebaki upande mmoja."