Dinah Nelima na Jina Lililoiba Volti za Saboti

Kwa miaka thelathini na mmoja Dinah Nelima Wakhungu ameifundisha karakana yetu ya Kitale, pamoja na tawi la Bungoma, kuogopa stima kwa adabu. Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, anastaafu. Wakubwa wameomba maneno machache ya heshima. Heshima tutajaribu, uchache hatuahidi.

Aliingia akiwa binti wa Mabanga mwenye cheti kipya na viatu vya kuazima, akawekwa kutengeneza pasi na redio. Baada ya muda alikuwa anaunda chaja za betri na vidhibiti vya matangi ya maziwa, na alikuwa ameshatuletea mambo yake mawili. La kwanza ni sheria: ukishika mashine ya volti kubwa, mkono mmoja ukae mfukoni, stima isipate njia ya kupita kifuani. Sheria hiyo ilimwingia damuni. Siku wakwe walipoleta mahari, aliwasalimia mkono mmoja ukiwa mfukoni, na wazee wakanong'onezana kwamba bibi harusi ameficha kitu.

La pili ni desturi. Mashine ikishakamilika na kupimwa, kila aliyeishika huandika jina lake kwa penseli upande wa ndani wa kifuniko, ndipo kifungwe. Dinah alisema fundi anayeogopa kuandika jina lake hajamaliza kazi. Basi tukaandika miaka yote hiyo, hata sisi wa stoo ambao tulishika skrubu tu.

Kazi yake ya mwisho nusura ituue kwa wasiwasi. Mwezi uliopita Wacuka, anayetotolesha vifaranga kule Saboti, alikuwa anapoteza vifaranga kwa vumbi la manyoya. Dinah akamuundia mashine ya kulinasa. Inachukua volti kumi na mbili za betri na kuzipandisha hadi elfu ishirini, lakini mkondo wake ni mwembamba ajabu. Mwenyewe huieleza hivi: ni maji yanayoanguka kutoka kilele cha Elgon, ila yanakuja tone kwa tone, mtu akitoboa kijitaro kidogo tu njiani, huku chini hakifiki kitu. Vumbi huzirukia nyaya zake kama vile vipande vya karatasi hurukia kitana ulichojichania.

Kwenye benchi la Bungoma, mashine ilitoa elfu ishirini na kunyamaza kama muumini. Ikapelekwa Saboti: elfu nane. Ikarudishwa Bungoma, ikafunguliwa, ikapimwa: ishirini. Saboti tena: nane, na sasa inazomea kama nyoka. Festus, fundi wa Bungoma, akasema ni baridi ya mlima. Waithaka, meneja wetu, akasema ni uzee wa Dinah, ingawa hilo alilisemea nyuma ya mlango. Dinah alibadilisha transfoma, akabadilisha diodi na kapasita. Mita ya kawaida aliipiga marufuku, ati ina kiu: mkondo mwembamba hivyo inaunywa yenyewe kisha inakudanganya. Akaunda yake, yenye shingo ndefu kama ya korongo. Jibu likawa lile lile.

Ndipo Waithaka akatoka nyuma ya mlango. "Mayai yanaanguliwa Alhamisi. Wacuka akiirudisha hii mashine, benchi la Bungoma nalifunga. Festus atarudi nyumbani alime."

"Na mimi mtanipa saa ya ukutani ya kustaafu," Dinah akamjibu, "niisikilize ikinicheka mpaka nife."

Jumatano tulikuwa Saboti. Wacuka alisimama mlangoni, mikono kifuani. "Mama, mayai hayangoji fundi." Dinah alikuwa mkono mmoja mfukoni, macho kwenye mshale wa mita yake. Kifuniko cha plastiki alikuwa amekining'iniza kwa kamba kavu ya nailoni, Festus akiishika kwa mbali.

"Shusha."

Mshale ukaanguka hadi nane.

"Inua."

Ishirini.

"Festus, umeona baridi ya mlima ilivyo na mbio?" Festus akatazama viatu vyake. Bungoma siku zote tulipima kifuniko kikiwa wazi, na Saboti kikiwa kimefungwa. "Zimeni taa, vuteni pazia. Shusha polepole, bana, si ndoo ya kisimani."

Gizani mzomeo ukaanza. Ikaja ile harufu kali ya radi iliyopiga karibu. Kisha cheche za buluu zikatoka kwenye waya mkubwa, zikaanza kutambaa ndani ya kifuniko kuelekea skrubu ya pembeni. Hazikutambaa ovyo. Zilikuwa zinaandika, na sote tulisoma: Dinah.

Kwa kuwa ilikuwa mashine yake ya mwisho, alikuwa amechukua penseli nene ya seremala akaandika jina lake ukingo hadi ukingo, na mkia chini yake. Weusi wa penseli hupitisha stima. Mashine za zamani zilikuwa za volti ndogo, hazikujali. Hii ilipata mtaro wa kutorokea.

Hakuna aliyecheka, hata sisi wenye tabia hiyo. Festus akasema kwa upole, "Madam, si tuhamishe skrubu? Jina libaki."

"Hamisha jina. Skrubu ina kazi."

Akazima. Akagusisha fimbo ya waya wa ardhini kumaliza stima iliyobaki, akangoja, akagusisha tena; kisha akachukua kitambaa na spiriti akafuta majina yetu yote, lake mwisho. Kifuniko kikafungwa kwa skrubu zote. Mshale ukapanda, ukafika ishirini, ukakaa. Alhamisi vifaranga vya Wacuka vilikausha manyoya katika hewa safi, na mwenyewe ameagiza mashine mbili zaidi. Zitatengenezwa Bungoma, na Festus, ambaye jembe limemkosa kidogo tu, ndiye atakayezitengeneza. Majina tutaandika nje, chini ya tako la mashine.

Dinah, mashine ya Saboti haina jina lako, na ndiyo maana inafanya kazi. Karatasi hii haina volti, kwa hiyo hapa tunaliandika ukingo hadi ukingo: Dinah Nelima Wakhungu. Asante kwa kila uliyemzuia kufa na kila uliyemfundisha kwa mkono wako. Nenda Mabanga ukale maisha yako taratibu, tena kwa afya. Ila Ijumaa, mama, tukija kukuaga, utoe ule mkono mfukoni. Tunataka yote miwili.