Viatu vya Mume

Jelimo, mja mzito, alipanda gari la Bungoma pale stejini Kitale akiwa amevaa viatu vya mumewe. "Vyangu haviingii tena," alimwambia muuza leso aliyeketi naye, Mama Hasina. "Kwetu wanasema miguu ikifura, ni kijana."

"Na uso nao ukifura hivi, ni pacha? Kichwa hakikuumi?"

"Kidogo tu. Si ni jua." Jua lenyewe lilikuwa halijatoka, na vile vinyota alivyokuwa akiviona hakuvitaja.

"Hiyo ni presha ya mimba, mwanangu. Ilimshika dada yangu, ikaishia kifafa."

"Mama, mimi naenda harusi!"

Mbele ya hospitali Mama Hasina akamsimamisha dereva. Akashuka, akajitwika begi la Jelimo, akaingia getini bila kugeuka. Jelimo akiwa bado anabisha garini, nguo zake za harusi zilikuwa zimetangulia kulazwa.