Gunia la Kumuaga Wabwile

Ati kama nimeandika hotuba? Chifu, mimi niliachia shule darasa la nne. Hii karatasi nimeshika ilikuwa imefunga mandazi.

Mheshimiwa Chifu, Pastor Kiarie, bosi wetu Mzee Gathii mwenye stoo, mama Jentrix bibi ya Wabwile, wageni wote mlioalikwa, na nyinyi mlionusa pilau mkaingia, hamjamboni? Mimi ni Festus, mpakiaji wa mahindi hapa Kitale, miaka kumi na moja.

Leo tunaaga Wabwile, mzaliwa wa Matulo. Ati anastaafu. Na miaka arobaini na nne? Wabwile hajazeeka, bana. Ni mgongo ndio umestaafu, yeye ameufuata tu.

Huyu jamaa alikuwa simba. Sisi tunabebeshwa gunia ya kilo tisini na watu wawili. Yeye alikuwa anajitupia mwenyewe, anapiga mluzi mpaka kwa lori. Ukimuuliza, "Mgongo iko aje?" anasema, "Ni baridi ya Kitale tu." Baridi! Hata Januari, jua ikichoma? Lakini sisi wote tuko na hiyo baridi. Ya mpakiaji mwenzangu Wangila iko kwa goti, yangu iko kwa shingo. Nani amewahi kusema ukweli? Ukisema unaumwa, kesho nafasi yako iko na mwingine.

Pastor, unakumbuka ile Jumapili? Wabwile aliinama kuokota kofia, akakwama. Ukasema, "Oneni ndugu anavyonyenyekea!" Kanisa yote ikapiga magoti. Akamnong'onezea Jentrix, "Niinue, mama." Jentrix akamwambia, "Ngoja, baba, Roho ameshuka." Nusu saa! Watu watatu wakaokoka, na yeye bado anaangalia kofia.

Sasa Mzee Gathii, wewe ni mtu mzuri, hatukatai. Umempa Wabwile zawadi ya kumuaga, gunia ya mahindi, kilo tisini. Ukamwambia mbele ya watu, "Beba, peleka nyumbani." Mzee! Si hiyo ni kumpa kipara kitana?

Basi tupatane hivi. Nyumba ya Wabwile iko hapo tu Matisi, nyuma ya poshomili ya kusaga unga. Beba wewe. Mimi na Wangila tutakubebesha polepole, kama yai. Ukifika mlangoni bila kuiweka chini, Jumatatu tunabeba tisini kama kawaida, na hutasikia mtu akitaja baridi. Ukiiweka chini njiani, stoo yako inapakia gunia za kilo hamsini tu, na Wabwile anarudi kazini, anakaa kwa kiti, anashona magunia. Chifu ndiye shahidi.

Mmeniskiza vizuri, asanteni, Mungu awabariki. Wangila, shika upande ule. Mzee Gathii, inama.