Vyumba Sita Nyuma ya Maegesho

Sikilizeni, wadogo zangu, wewe Barbara, na wewe Rasto zima hiyo simu, maana mimi Okiror, kifungua mimba wa mama yenu, niliyetoroka shule darasa la sita nikawa wakala wa forodha ambaye Busia nzima hana wa kumfikia, leo figo zimenishinda na sitasema mara mbili.

Shamba la kule Mella gaweni nusu kwa nusu, wala msiite chifu kama mlivyomwita kwa kuku mmoja. Lakini nyumba ya vyumba sita nyuma ya maegesho ya malori haigawiwi. Najua, Rasto, umeshaiona baa humo, hata rangi umechagua. Kaunti imetenga fungu la muuguzi, mpishi na mlezi wa wagonjwa wa akili wanaolala nje. Kilichokosekana ni nyumba, nami naitoa hiyo, ila karatasi ya kuitoa haipiti bila sahihi zenu wawili mlio warithi. Ukisema fedha za umma zinamwagwa kwa vichaa, kumbuka wa kwanza kuingia humo ni Engole, kaka yako aliyekuachia ziwa la mama. Ndugu ni kufaana, si kufanana.

Kosa ni langu. Alipoanza kuugua nilimjengea chumba, bati jipya, nikatia komeo kwa nje, nikajisifu mtaani kwamba namtunza. Akavunja dirisha. Mwaka wa tisa huu analala chini ya matrela, leo Uganda, kesho Kenya, huku wakisema ni wa kule, kule wakisema ni wa huku. Nimepitisha saruji na mitumba ya watu nisiowajua, ndugu yangu nikamwacha mpakani. Juzi nilikwenda kumwomba radhi. Akanitazama, akasema, "Kaka, umekonda. Umekula?" Akanimegea chapati yake.

Barbara, maji kidogo. Basi, yatosha.

Nikifa, asisikie kwa madereva. Nendeni wenyewe, kwa miguu, pikipiki zinamtisha. Wazee watasema mtu kama yeye hasogei kaburini; waambieni Okiror amekataa. Akichelewa, jeneza lingoje. Akigoma kuja, msimvute. Kaeni naye palepale, wengine watanizika.

Sogeeni niwashike vichwa. Mungu awape usingizi mzuri, na mlango wenu usimchoke mgeni... Macho yananiacha. Hiyo inayokwaruza ni kalamu? Ni wewe, Rasto? Polepole, mdogo wangu... andika jina zima.